Watoto Wekundu wa Malkia

Verlon Tackett alipeleka barua za watu miaka thelathini na minne. Katika miaka hiyo mbwa walimngoja getini, bibi vizee walimngoja barazani, na wachumba walimngoja kuliko walivyongoja mvua. Alipostaafu hakubaki wa kumngoja ila mkewe Jewel, naye alimngoja akate nyasi. Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Ndipo akaamua kuzalisha nyoka.

Si nyoka wa kuua mtu. Ni nyoka wa mahindi, asiye na sumu, ambaye huku kaskazini mwa Florida kila mwenye banda amewahi kumkuta akivizia panya. Ila wa Verlon hawakuwa wale wekundu wa bandani, la hasha! Aliwapata kwa Bi Odessa Crum, mjane anayesifika kwa kutodanganya mtu. Jike aliitwa Malkia na dume Seneta, wote weupe pepepe, macho ya rangi ya waridi. Aina yao huitwa Theluji, jina walilopewa na watu ambao theluji wameiona kwenye kadi za Krismasi tu.

"Weupe kwa weupe huzaa weupe, mwanangu," Bi Odessa alimwambia. "Hapo hakuna muujiza."

Verlon akaisoma kazi hiyo kama anayesomea udaktari. Wafugaji wanasema nyoka hawa hawazai vizuri mpaka waonje baridi, na baridi ya Florida ni ya mzaha, kwa hiyo akawaweka miezi miwili ndani ya jokofu la zamani la soda, akiwapimia joto asubuhi na jioni. Panya wao wa kugandishwa walilala kwenye friza bega kwa bega na kambale wa Jewel.

"Mchungaji alinifungisha ndoa ya raha na shida," Jewel akasema. "Panya hakuwataja."

Machi akawatoa, na hapo akafanya kosa linaloweza kufanywa tu na mtu anayeishi kwenye nchi ya nyoka hao. Alimwona Malkia amenyong'onyea, akasema huyu anataka jua la Mungu. Akamweka barazani ndani ya tundu la waya wa kuku, akaingia ndani kunywa chai baridi. Aliporudi, tundu lilikuwepo, Malkia hakuwepo. Siku tatu alimtafuta vichakani huku akidai anatafuta bisibisi. Hatimaye akamkuta chini ya banda la mahindi la jirani, amejikunja, ametulia tuli, kama mtu aliyetoka harusini. Akamrudisha, akamtia kwa Seneta siku hiyohiyo, na hakumwambia mtu.

Mei, Malkia akataga mayai kumi na sita. Yai la nyoka likigeuzwa mtoto aliyemo huweza kufa, basi Verlon akaliwekea kila moja alama upande wa juu, na tangu siku hiyo mwendo wake ukabadilika. Akajiunga na chama cha wafugaji nyoka, ambacho humpokea mtu kuwa mfugaji kamili siku anapoleta uzao wake wa kwanza mbele ya wanachama. Akatangaza dukani, kwa kinyozi na kanisani. Akachapisha kadi: mama Malkia, baba Seneta, Theluji halisi.

Julai mayai yakapasuka. Kichwa cha kwanza kuchungulia kilikuwa chekundu. Cha pili vilevile. Wote kumi na sita wakatoka wekundu kama vigae.

"Verlon," Jewel akauliza, "theluji ya wapi hii?"

"Watabadilika wakikua."

"Wewe mwanaume, nitazame usoni. Huyu nyoka alitoka?"

"Siku tatu tu."

"Siku tatu! Barua za watu hukupoteza hata moja, leo unapoteza mke wa mtu?" Jewel alicheka mpaka akakaa sakafuni. Verlon hakucheka.

Siku ya kikao cha chama, katika ukumbi wa zimamoto, Mwenyekiti Harlan Boatwright, mtunza daftari la nasaba, alikodolea macho boksi la watoto kabla hata watu hawajakaa vizuri.

"Kama Seneta ni Theluji kweli, hawa wangekuwa weupe," alisema. "Basi huyo Seneta damu yake ina walakini. Nani alikuuzia?"

Watu wakageuka kumtazama Bi Odessa, aliyekuwa na bakuli la karanga za kuchemsha mapajani.

Verlon alihitaji kunyamaza tu. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, naye alikuwa ameung'ang'ania msemo huo njia nzima. Lakini akaiona mikono ya yule mama imeacha kumenya karanga, na roho ikamsuta.

"Seneta hana kosa," akasema. "Malkia alitoroka siku tatu. Nilimkuta bandani kwa jirani. Baba wa hawa simjui."

Kisha mzee mmoja mnene akasimama nyuma.

"Wangu alipotea wiki nzima," alisema. "Mwaka wa tisini na nane."

"Wangu nilimsahau barazani siku ya Pasaka," mama mmoja akadakia.

"Amina!" mtu akaitikia, na ushuhuda ukawaka kama Jumapili ya uamsho. Nasaba tukufu za wilaya nzima zilikuwa zikianguka moja baada ya nyingine, na wenye nazo wakipumua kama waliotua mizigo.

"Na wewe, Harlan?" Bi Odessa akauliza, amerudia karanga zake. "Yule dume wako wa kwanza, babu wa mabingwa, ulimpata wapi hasa?"

Mwenyekiti akafunga daftari. Akatangaza kikao kimefungwa, watu wakanywe kahawa, ingawa kilikuwa hakijafunguliwa. Baada ya kahawa Verlon alipokelewa kuwa mfugaji kamili kwa kura ya siri. Kura zote zilimkubali isipokuwa moja, na mwenye hiyo moja, daftari kwapani, alipiga makofi kuliko wote.