Vyumba Vitatu, Nyumba Moja

Ninyi batoto mutakaosoma hii karatasi, mukae chini kwanza. Mimi ni mukaka, mama wa baba yenu. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu, lakini macho ninayo.

Siku moja hainitoki kichwani. Mbambu, mujukuu wangu, ana bureau, ofisi ndogo, hapa Butembo, anaandikia banafunzi kazi zao ku ordinateur, ile kompyuta. Ile disque ya ndani, yenye kutunza kazi yote, aliigawanya vyumba vitatu: kimoja cha système, ndiyo mzizi unaoamusha machine, cha pili cha kazi ya batu, cha tatu cha copie, nakala za ile kazi.

"Mukaka, système ikigonjwa ninaondoa ile tu, ninaweka mupya. Vyumba vingine hapana kugusa."

"Na nyumba ni ngapi?"

Akacheka. "Moja, mukaka. Disque ni moja."

Wanasema aliyeumwa na nyoka anaogopa kamba. Mimi niliona kamba, nikafunga mudomo. Maana nilipokuwa bibi arusi mupya kule Lubero, mama mukwe aliniambia nusu ya mbegu za maharagi nipeleke kwa dada yake, ngambo ya muto. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikaona uvivu, nikaweka vitunga viwili mu jiko lile lile, kila kimoja pembe yake. Moto ukala jiko. Mama mukwe hakupiga kelele. Alishika majivu, akaniwekea mukononi: "Vitunga viwili, moto moja. Sasa panda hii."

Basi, système ikagonjwa kweli, Mbambu akaweka mupya. Machine ikauliza kama ifute disque. Yeye akafikiri inasema chumba cha mzizi tu, akafinya oui, ni kusema ndiyo.

Nilisikia "Yesu wangu!" Nikakimbia, nikamukuta mikono ku kichwa. Vyumba vyote vitatu vyeupe! Copie nayo! Na Kahindo, binti wa jirani, aliyeuliza bakulima wa Kayna maswali mwaka muzima, alibakiwa na siku nne kupeleka kazi yake, iliyokuwa mu ile disque, ku masomo yake ya Beni. Alisimama mulangoni.

"Mbambu, sema unanichezea."

Mbambu akamuonyesha vile vyumba vyeupe.

Kilichobaki ni karatasi za kwanza za kazi yake, zenye makosa, nilizoziomba za kuwashia makaa. Chapitre ya mwisho, ile sura ya kumaliza, nilikuwa nimeisha kuichoma. Kahindo aliitoa mu kichwa, analia, anaandika, na kazi nzima akaifikisha Beni kwa siku yake.

Mwanangu, kugawanya vyumba ni akili, lakini chumba hakiwi nyumba. Mbele ya kufinya oui, soma mara mbili kinachofutwa. Kama hauelewi, ondoa mukono. Na ukiona moshi, sema, hata wenye masomo wakucheke. Mimi nilinyamaza mara moja; inatosha. Mungu awape mikono ya kutunza, na jasho lenu lisipotee bure.

Na kwangu nimeamuru: kila siku ya posho, ni kusema jumamosi, mbele ya kula, copie inatoka mu ile nyumba ku disque ingine, inalala kwa shangazi yenu ngambo ya muto, pamoja na mbegu zangu. Atakayesema mvua inanyesha, hatakula.