Pole Alizopewa Ng'ombe Wetu

Harufu ya mgomba uliotoka kukatwakatwa, ikichanganyika na mvuke wa samadi asubuhi ya baridi, hunirudisha kwetu Akheri, kwenye banda la ng'ombe lililokuwa nyuma ya mibuni. Banda lile lilikuwa himaya ya kaka yangu Anaeli. Ni yeye aliyemkatia majani ng'ombe wetu wa pekee, Malkia, aliyemkamua, na aliyemsimulia mambo ya shule ambayo mimi sikusimuliwa. Nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na sita, alipougua homa kwa siku nne akafariki, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaanza.

Nyumba ilijaa watu. Kina mama wa kanisani walileta ndizi na maziwa, wakamzunguka mama mkekani. Wanaume walikaa na baba kwenye mabenchi ya kuazima. Kila aliyefika aliwashika mikono wazazi wangu, akawapa pole, kisha akanipita. Nilimwamkia kila mmoja shikamoo. Wakaitikia marahaba, wakaniagiza maji au wakaniambia nikacheze. Hawakuwa wabaya. Waliamini kwamba mtoto husahau upesi, na kwamba kumtajia kifo ni kumtonesha.

Malkia naye alikataa kutoa maziwa. Alisimama akilia, kichwa akikielekeza kwenye njia aliyozoea kumwona Anaeli akirudi. Habari zikaenea, na baada ya mazishi wageni wakaanza kupitia bandani kabla ya kuaga. Jirani yetu Mama Ndeshi, ambaye sauti yake ilifika hadi barabarani, alimpapasa shingo akasema, "Hata mnyama anamlilia. Pole, Malkia. Pole sana, mama." Nilikuwa hatua mbili kutoka pale, nimebeba ndoo.

Wivu ule nauandika bila kuupunguza. Niliutamani mkono ule uwe shingoni mwangu. Nililitamani hata lile neno "mama" aliloitwa ng'ombe. Kazi ya kumlisha ilikuwa imeniangukia mimi, na kwa siku mbili nilimpa maji tu. Majani niliyatupa nyuma ya banda. Siku ya tatu alilia hadi mama, ambaye hakuwa ameondoka mkekani tangu tulipotoka makaburini, akaja mwenyewe. Akaliona rundo lililonyauka, akaniuliza kwa nini.

"Yeye anapewa pole na kila mtu," nilijibu. "Mimi sijapewa hata moja."

Mama akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu kifo kile, nacho kikageuka kilio kabla hakijaisha. Alimlisha Malkia kwa mikono yake. Jioni aliwasimulia wageni, nao wakacheka bila ubaya, na Mama Ndeshi akaniita mke mwenza wa ng'ombe. Utani huo ulinifuata hadi chuo kikuu. Pole yenyewe haikuja.

Siku hizi naishi mjini, Themi, na misiba yetu ina kamati, maturubai na makundi ya simu yanayopanga kila kitu hadi chumvi. Watoto hupelekwa kwa jirani kutazama katuni. Lakini mwezi uliopita alifariki mfanyakazi mwenzangu, na mjane wake alikataa mtoto aondolewe. Alimkalisha binti yao Nuru, mwenye miaka minane, kando yake kwenye kochi, na kila aliyempa mkono yeye peke yake, mama huyo alimrudisha kwa sentensi moja: "Na huyu pia amefiwa." Watu wazima, wengine wazee, waligeuka, wakainama, wakampa mtoto pole kwa jina lake. Jambo hilo halikuhitaji kamati.

Nilikuwa kwenye foleni, mwanamke mwenye mvi na shahada, na nilihisi wivu uleule wa bandani. Nilimwonea wivu mtoto aliyetoka kumzika baba yake. Zamu yangu ilipofika nilichuchumaa, nikamshika mkono, nikasema, "Pole, Nuru."

Alinitazama kwa umakini wa mtu aliyeanza kuizoea kazi ngumu.

"Asante," alisema. "Na wewe pole."

Nusura nimwombe arudie.