Mzee Likwata Afundishwa Kupumua

Mwaka 1996 soko lilikuwa huria, na wauza dawa za mikorosho walikuwa huru kuliko soko lenyewe. Mzee Likwata wa Rondo aliuziwa chupa isiyo na maandishi, akaambiwa ni dawa ya kisasa. Na kweli ilikuwa ya kisasa: alinyunyizia mistari mitatu, kwenye wa nne akaanguka.

Bahati nzuri, hospitali ya misheni alikopelekwa ilikuwa na mashine ya kupumulia, msaada kutoka Ulaya, iliyozinduliwa kwa kwaya na hotuba nne. Kitabu chake kilikuwa cha Kijerumani, kwa hiyo hakuna aliyekisumbua.

Mashine ilimwokoa kwa bomba lililopitishwa tundu la shingoni, kisha ikagoma kumwachia. Wiki tatu zilipita. Sumu ilishaisha mwilini, lakini kila wakimtenganisha nayo, dakika tano tu mzee anatweta.

“Ataizoea,” alisema Daktari Klementi, kana kwamba anazungumzia mke wa pili.

Nesi Emerensiana, mkazi wa Mtanda, alikuwa amesomea mazoezi ya kupumua Dar es Salaam. Aliporudi na cheti, wakubwa walimpongeza kwa kumkabidhi stoo ya mashuka.

“Daktari, misuli yake imelegea. Mashine inamfanyia kazi yote. Niruhusu nimfanyishe mazoezi.”

“Kwa kifaa gani?”

“Kizibo.”

Daktari alicheka, akaruhusu. Emerensiana alitoboa kizibo cha plastiki tundu dogo la kuvutia hewa, akaweka na kijimlango cha mpira wa glavu cha kuitolea. Alikichomeka kwenye bomba la shingoni mwa mzee. Pumzi tano za kuvuta kwa nguvu, kisha mapumziko kwenye mashine, kisha tano tena, huku akimtazama midomo na kucha. Kila baada ya siku chache, tundu lilipunguzwa.

Kidawa, mke wa mzee, hakuvumilia. “Mwanangu, mume wangu mnampa hewa au mnamnyima?”

“Namnyima kidogo, mama, ili aitafute mwenyewe.”

Likwata hakuweza kusema, ila alimwonyesha nesi ngumi. Emerensiana alifurahi: juzi mkono ule haukunyanyuka.

Siku ya kumi na sita ya mazoezi alipumua mwenyewe kutwa nzima. Bomba lilipotolewa, alisema kwa sauti ya kukwaruza, “Sista, una roho mbaya.”

“Asante, baba. Vuta nyingine.”

Ripoti iliyokwenda Ulaya iliisifu mashine kurasa mbili. Kwenye picha, daktari ameikumbatia. Emerensiana limeonekana bega tu.

Likwata alishuka kwenye basi Rondo, akatembea hadi kwake. Alipumzika njiani mara mbili, na mzigo wake alikataa kupokewa.