Sanduku la Sabuni

Kosa langu la kwanza kanisani lilikuwa kumkataa mtoto.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa nimepewa kazi ya kuandaa maigizo ya Krismasi katika kanisa letu dogo la mabati pale Malaba. Useremala nilijifundisha mwenyewe kwa kubomoa viti vibovu na kuviunda tena, na aliyejifundisha mwenyewe huogopa sana kuchekwa. Hori la Yesu nililiranda mara tatu. Nikalipaka rangi nyeupe, kingo zake nikazizungushia rangi ya dhahabu.

Mama mzee aliyefagia kanisa alilizunguka, mikono kiunoni.

"Boss, ng'ombe wako ni wa State House?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Desturi yetu ilikuwa kuazima mtoto mchanga wa mmoja wa waumini. Mwaka ule kina mama wawili walijitolea. Mmoja alikuwa mke wa karani wa mizigo ya mpakani, na mtoto wake alikuwa mnene, ndani ya sweta jeupe la kufuma. Wa pili aliwafulia madereva nguo zao nyuma ya uwanja wa malori. Mtoto wake alikuwa na upele kichwani, na shali lake lilikuwa na doa la oili.

"Dada, huyu hapana," nikamwambia mbele ya wote. "Tunataka mtoto msafi."

Aliitazama mikono yake iliyochubuka kwa sabuni.

"Sawa, boss."

Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani.

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya ibada, tulimlaza mtoto wa karani horini tumjaribu. Rangi ilikuwa bado mbichi. Siku iliyotangulia nilikuwa nimeipaka tena kwa sababu niliona alama moja ya brashi. Mtoto akakohoa, akalia mpaka akakauka sauti, na sweta lake likatoka na mistari ya dhahabu. Mama yake akamnyakua.

"Unataka kuniulia mtoto na rangi yako?"

Akaondoka naye. Mama mzee akaegemea ufagio wake. "Yuko mtoto mwingine. Na kwao unapajua."

Nilipajua. Hori tupu halikunitisha kama ule mlango.

Nilimkuta mama yule akianika ovaroli, Krismasi au si Krismasi. Mtoto alikuwa amelala kizingitini ndani ya sanduku la mbao, lile linalosafirishiwa sabuni. Nilichungulia ndani kwa jicho la fundi. Mbao hazikuwa zimerandwa. Misumari ilikuwa imetokeza kwa ndani, na kila ncha ya msumari ilikuwa imefungwa kitambaa, kimoja kimoja, kwa uzi, asije akachomwa. Mimi sikuwahi kulipapasa hori langu kwa kuhofia ngozi ya mtoto. Nilikuwa nimeangalia kama linang'aa, basi.

"Umekosa wasafi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Nilikukosea, dada. Nilikuaibisha mbele ya watu. Hata kama hutakuja, nisamehe."

Aliikamua ovaroli mpaka tone la mwisho.

"Mimi nafua tangu asubuhi mpaka jua linazama. Hakuna mtu Malaba msafi kunishinda."

"Ni kweli."

"Atalala ndani ya hili. Kwenye hori lako la rangi, hapana."

Yeye akambeba mtoto, mimi nikabeba sanduku. Tulipita kati ya malori mpaka kanisani.

Mtoto alilala ibada nzima, upele wake wazi mbele ya kila mtu. Mama mzee alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Nami nilipopiga magoti nilikuwa karibu na vile vitambaa, nikaona aibu, kisha nikaona faraja. Habari ile ya kuzaliwa kwa Yesu nilikuwa nimeisoma mara nyingi, nikidhani kazi yetu ni kumfichia Mungu umaskini aliozaliwa ndani yake. Siku ile nikamwaza Mariamu akipitisha vidole ndani ya hori la watu, akitafuta kijiti kinachoweza kuchoma. Mungu alikuja pale palipokuwepo, akakubali kutunzwa na mikono iliyochoka. Basi hata kwangu mimi, mwenye hofu ya kila alama ya brashi, angeweza kuja kabla sijamaliza kupanguza.

Imepita miaka minne. Mbuzi wa mama mzee sasa wanakula majani katika hori la dhahabu. Bado naranda mbao mara tatu, na bado naogopa kuchekwa. Lakini sijamkataa mtoto tena.