Ntumba za Mama

Harufu ninayoikumbuka kuliko zote za utoto wangu ni ya nyasi zilizooza chini ya udongo. Kwa msomaji asiyeijua Ufipa, nieleze taratibu. Mvua zinapokaribia kwisha, wakulima wa kwetu hukata nyasi, huzikusanya na kuzifunika kwa udongo, wakatengeneza matuta ya mviringo yanayofika kiunoni mwa mtoto. Tunayaita ntumba. Nyasi hulala humo kiangazi chote, na mvua zinaporudi, ntumba hufukuliwa, udongo ule mweusi husambazwa, ulezi ukapandwa. Ukipiga jembe la kwanza harufu hupanda, nzito, tamu kidogo, yenye unyevu. Kwetu Mollo ilikuwa harufu ya chakula kabla hakijawa chakula. Na nyumbani kwetu palikuwa na desturi: aliyefukia ndiye anayefukua. Bibi, mama yake baba, alisema mkono uliolaza nyasi ndio unaopaswa kuziamsha, na kwamba ntumba za mtu hufukuliwa na wengine baada ya matanga yake.

Mwaka huo ntumba zote za bondeni alizitengeneza mama. Kiangazi kilipoanza tu, alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe na gurudumu likampanda paja. Akalazwa hospitali mjini Sumbawanga, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito ili mfupa uvutike urudi mahali pake. Baba alimpelekea uji wa ulezi kwa baiskeli, chupa ya chai imefungwa nyuma kwa mpira, nami siku za Jumapili nikiwa mbele juu ya bomba, upepo wa baridi ukinikata uso. Mama alikuwa chali, macho darini. Akitusikia, alinyoosha mikono na kuyafunika masikio yangu kwa viganja vyake. "Haya masikio ya barafu haya! Baba Eliza, unamsafirisha mtoto au samaki wa ziwani?" Tulicheka, hata mgonjwa wa kitanda cha jirani alicheka. Lakini mfupa haukuunga. Kidonda kilitunga usaha, kikakauka, kikatunga tena. Kila jioni bibi alitupigisha magoti tukasali rozari kwenye sakafu ya udongo, na baada ya amina ya mwisho alisema, "Subira yavuta heri." Nilimwamini, kwa kuwa mtoto humwamini anayempikia.

Kisha mvua zikaja. Majirani waliingia mashambani, na ile harufu ikaenea bonde zima, isipokuwa kwetu. Mama Chrispini, ambaye shamba lake lilipakana na letu, aliegemea jembe akaita, "Mama mkubwa, mwaka huu mtakula ntumba zenyewe?" Bibi akamjibu, "Fukua zako. Hizi zina mwenyewe, naye yu hai." Asubuhi moja baba alichukua jembe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nadhani alikuwa ameshaelewa yale ambayo sisi wengine hatukuyaelewa. Bibi alisimama mlangoni, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umeshamzika mkeo?" Baba alilirudisha jembe ukutani. Tangu siku hiyo ntumba zile hazikuwa za kilimo tena. Zilikuwa imani yetu, na kuigusa hata moja kungekuwa kumkatia mama tamaa.

Kule hospitali mama aliuliza kila tulipofika, "Ulezi umeota?" Baba alitazama dirisha. "Nyumbani salama tu." Nilipomwuliza bibi kwa nini mama haambiwi, alisema, "Mgonjwa haulizwi uji, wala habari za shamba hapewi." Ulezi wa ghalani ulikwisha, na bibi akateremsha kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko. Mbegu ikasagwa, ikawa uji. Mama aliunywa, akasema una harufu ya moshi, akatabasamu.

Alirudi wakati ulezi wa Mama Chrispini umefika magotini. Aliteremshwa kwenye bajaji akiwa na magongo, mguu mmoja umekuwa mfupi na haukunjiki. Hakuingia ndani. Alisogea hadi ukingoni mwa bonde na kuziona ntumba zake zimesimama, zimeota majani mapya juu. "Mbona shamba liko hivi?"

"Tulikuwa tunakungoja, mwanangu," bibi alisema.

"Mnaningoja mimi? Daktari aliniambia zamani kwamba sitashika jembe tena. Sikuwaambia ili msikate tamaa. Mimi nilikuwa nalala pale nikiuona ulezi unaota. Ndio ulionilaza na kuniamsha."

Aliyaangusha magongo, akajishusha hadi chini, akajiburuta kwenye ntumba ya karibu na kuichimba kwa vidole. Harufu ikapanda. "Imeoza vizuri," alisema, akaanza kulia, na bibi akakaa kando yake kwenye tope. Hakuna aliyetaja subira. Mwaka uliofuata tulikula kwa kuomba.

Leo bibi ni marehemu, mji umeenea hadi bondeni, na palipokuwa na ntumba pana viwanja na nyumba za bati. Mguu wa mama haukupona, wala hautapona. Anakaa kwangu, karibu na dirisha, na mvua za kwanza zikinyesha hufungua kioo, akavuta pumzi, kisha akafunga. Mimi bado nasali rozari jioni, ingawa sijui tena naomba nini. Ila neno moja la bibi nimelibadilisha. "Mama," namwuliza, "nikupikie uji?"

"Ulezi wa wapi?"

"Wa dukani, mama."

"Haya, lete."