Vidole vya Shangazi

Juzi, nikiwa mlangoni mwa jiko letu la Likoni, nilimwona shangazi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Shangazi alikuwa akipiga piano Ulaya, katika kumbi ambamo watu hukaa kimya kabisa wakimsikiliza. Siku hiyo alikuwa amekuja likizo. Uani kulinukia tui na moshi wa makumbi. Alivua bangili, akaivuta mbuzi.

"Mama, leta hiyo nazi nikukunie."

"Hebu inuka hapo!" nyanya alimnyang'anya kizio cha nazi alichokuwa ameshakishika. "Ukijikata vidole, hiyo piano utaipigia nini?"

Hata sinia hakuachiwa aoshe. Mimi nilidhani mikono yake ina maradhi, nikamsogelea nikamwuliza kama yamuuma.

"Haiumi, mwanangu," alisema, kisha akakaa mkekani kama mgeni. Nyanya alikuna, kwaru, kwaru, na vidole vya shangazi vikafuatisha mapigo yale juu ya paja. Nilimwonea huruma kwa ugonjwa asiokuwa nao. Sasa najua alikuwa akitamani tu kuwa mtu wa nyumbani.

Siku hizi amestaafu, amerudi kwetu, na nyanya tumeshamzika. Hakuna tena wa kumkataza.

Juzi hiyo alijikata. Alikitia kidole mdomoni, akageuka upesi kuutazama mlango wa jiko, akingoja kukemewa.

Mlangoni nilikuwa mimi tu.