Wa Katikati Hufa Kwanza

Mi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza sekondari, nikapumzika kidogo, na mapumziko yakanipenda. Napiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mama, hapa Nyakabiga, Bujumbura. Wateja ndio wanaokuja. Mi sijawahi kulifuata shati la mtu.

Mmoja wao, wa mtaa wa Asiatique, alipohama aliniachia mfuko wa vitabu vya Kifaransa. Kimoja hakikuwa na jalada. Kilikuwa riwaya ya familia ya Wajapani waliopanda meli kwenda Brazili kulima kahawa. Mama hasomi Kifaransa, basi kila asubuhi akichagua mchele mi nilimsomea kwa Kiswahili chetu, mkono mmoja kitabu, mwingine pasi. Kuna mwalimu ambaye shati lake lina alama ya pasi ya sura ya tatu mgongoni mpaka leo.

Katika kitabu kile hakuna anayekufa hivihivi. Bibi wa familia ana sababu ya kila msiba: huyu alilala kichwa kikielekea kaskazini kama maiti, yule alikata kucha usiku. Na katika ukoo wao, kila binti wa kwanza hukimbiwa na mume. Walivuka bahari wakidhani mkosi umebaki kijijini, kumbe ulikuwa ndani ya sanduku, chini ya nguo, umelala vizuri kuliko abiria.

Mi nilicheka. Mama hakucheka.

"Hawa ni watu wetu," akasema.

"Mama, hawa ni Wajapani."

"Walivuka maji ao apana?"

Walivuka. Babu yake naye alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, na mama anaamini hakuvuka peke yake. Kwetu, posa ya kwanza ya kila binti huvunjika. Ya mama ilivunjika. Baba alikuwa wa pili. Ya mama mdogo ilikuwa mbaya zaidi: mshenga alifariki kabla hajapewa jibu, na msiba ukaila posa. Sasa ilikuwa zamu ya dada yangu, ana miaka thelathini na tatu, na hii ndiyo ilikuwa posa yake ya kwanza. Mwanaume anafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Dada hakutuambia kama anampenda, lakini alikuwa anaimba jikoni, na dada yangu si mtu wa kuimba.

Wazee wa mwanaume walikuwa waje Jumapili. Jumamosi tukafika ukurasa wa picha. Wana watatu wa ile familia wanakwenda kwa mpiga picha, bibi anawazuia mlangoni: wakipigwa picha watu watatu, wa katikati hufa kwanza. Wanampuuza, wanapigwa. Yule wa katikati haoni mavuno ya kahawa.

Mama akaacha mchele.

"Kesho wanakuja wangapi?"

"Watatu."

Akaligeukia sofa letu. Ni la watu watatu. Na siku hizi posa haifanyiki bila simu za akina mama wadogo kupiga picha toka mlangoni. Kuwaambia wageni waongeze mtu ingekuwa aibu. Basi mama akaniangalia kama mtu anavyoangalia kiti cha akiba.

Jumapili wakaingia, wakakaa. Katikati akakaa msemaji wao, ami yake bwana harusi, mzee mwenye kikohozi na hasira. Nikaja na kanzu iliyonyooka kuliko zote, nikajipenyeza kati yake na wa pembeni. Sofa likalia.

Sasa, kwetu kwenye posa, upande uliokalia ndio upande wako. Msemaji wetu alikuwa ba mkubwa, kaka wa marehemu baba, anayependa utani kuliko pilau.

"Wageni karibuni. Watatu nawafahamu. Huyu wa nne ametoka wapi?"

"Chumba cha nyuma," nikasema.

"Pole na safari."

"Joto tu, ba mkubwa."

"Na binti munayemuomba, we unamujua?"

"Kidogo."

"Ana sifa gani?"

"Nyingi. Ila asiimbe."

Jikoni mfuniko ukaanguka. Watu wakacheka, isipokuwa yule mzee. Akaweka kikombe chini.

"Kumbe mumetuona wachache, mukatuazima mutu?" Akasimama. "Sisi hatukosi watu. Twende."

Wenzake wakasimama naye. Simu zikashuka. Chini ya pazia la jikoni niliona miguu ya dada, yenye hina mpya, haisogei. Ba mkubwa, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa kazi, safari hii akaupa chai tu.

Basi mi, ninayeogopa hata kumuita muuza mkate, nikasema yote: meli, Brazili, bibi, picha, mshenga wa mama mdogo. Nilisema haraka, nikiwa nimebaki peke yangu kwenye sofa zima kama mfalme aliyepinduliwa.

Mzee akapaangalia pale alipokuwa amekaa.

"Huyo wa katikati alikufa na nini?"

"Homa, mzee."

"Astaghfirullah. Mambo ya ushirikina. Hatuyaamini." Akakaa. Pembeni.

Mwenzake mmoja akawahi pembeni ya pili. Wa tatu akasema leo magoti yake yanapenda kusimama.

"Njoo we!" mzee akalipiga sofa kofi. "Tuko wane. Wane hawana katikati."

Akaja. Tukabanana mi na yeye, tukigawana kifo nusu kwa nusu, na simu zikapiga. Mzee akakohoa, akasema: "Bon. Sisi wane tumekuja kuomba." Ba mkubwa akamuuliza dada. Jibu likatoka nyuma ya pazia kabla swali halijaisha: "Nimekubali!" Vigelegele.

Nikainuka kurudi kwenye pasi yangu. Mzee akanishika kanzu.

"Unaenda wapi? We ni wa kwetu. Jibu la posa halipigiwi simu, linapelekwa na mutu, na mwenye magoti mazima ni we."

Nikatembea mpaka bandarini, jua la saa nane. Boti la Kigoma lilikuwa linashusha saruji, na bwana harusi alikuwa amesimama kati ya mifuko, karatasi kwapani, suruali nyeupe. Aliponiona uso ukamwanguka. Mimi nitoke nyumbani, kwa miguu? Lazima kuna kilichovunjika.

"Wamekataa?"

"Tumekubaliwa."

"Mumekubali?"

"Tumekubaliwa. Mi niko upande wako."

Akakaa palepale juu ya saruji, na ile suruali, akawa anacheka na kulia kwa zamu. Sikumharakisha. Njia ya kurudi nilikuwa siijui vizuri.